Picha Iliyopigwa Langoni

Wandera mwanangu,

Salamu sina. Utazipata kesho asubuhi nikikusindikiza hadi kwenye lori la Tororo, mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, kwa sababu kila nikishika kalamu hasira inanijia, na sijui tena kama nimekukasirikia wewe au nimejikasirikia mwenyewe. Umevuka mpaka kwenda kuwaaga wajomba zako, na nawajua watu wale, hawatakuachilia mpaka ule ushibe. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Safari hii sichani.

Naandika Kiswahili, lugha ya kiwanda cha pamba nilikofanya ukarani miaka yote hii. Kwa Kisamia maneno haya hayatoki. Nilidanganya kwa Kisamia, na tangu siku ile kinanikimbia nikitaka kusema jambo la maana.

Sitakuambia usile nini njiani wala ulale kwa nani. Una miaka ishirini na mitano, umekaa Tororo minne ukimfanyia kazi yule Mhindi wa picha, na hukufa njaa. Nasikia huko Nakuru na Nairobi hali ya hatari imetangazwa, askari wanawapanga watu mistari barabarani na kuwadai vipande, vile vyeti vya utambulisho, nawe unakwenda huko na kamera shingoni utadhani umealikwa arusi. Nilitaka kukukataza. Nimejiuliza nikukataze kwa uso gani, nikakosa.

Siku tulipomaliza matanga ya mama yako ulilifungua lile kopo la biskuti alilokuachia, ukatoa picha moja, ukainyanyua mbele ya ukoo mzima ukaniuliza nani aliyenipiga. Ni ile niliyosimama katika lango la mji wetu, panga mkononi, uso umenivimba. Tangu utoto wako nilikuambia ni Mzungu mpita njia. Siku ile nikasema tena ni Mzungu. Ukaniita mwongo na mwoga mbele ya wajomba zako. Nikatupa bakuli ukutani, nikakufukuza, na kwa wiki tatu sikusema nawe. Wewe ukaenda zako kukata tiketi.

Mama yako kabla hajafa alikuambia jambo moja tu: aliyepiga picha hizi yu hai, mtafute. Basi unakwenda kumtafuta, kituo kwa kituo, picha kwa picha. Nimeona pia unavyonitazama. Unadhani mama yako alikuwa na hawara. Ndiyo maana hukuthubutu kuuliza zaidi.

Mama yako hakuwa na hawara. Alikuwa na mume, na mume huyo hakuwa mimi.

Aliyepiga picha zile ni baba yako mkubwa, kaka yangu wa tumbo moja, Wandera, ambaye unaitwa kwa jina lake. Kaburi lake umelipalilia kila Krismasi tangu ulipoweza kushika jembe. Ndani ya kaburi lile hamna mtu. Tulizika gogo la mgomba.

Walimchukua wakati wa vita ya Mjerumani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, yeye ishirini na miwili, na mama yako alikuwa ameolewa naye kwa miezi minne tu. Chifu alikuja na watu wake, wakawafunga vijana kumi na mmoja wa kilima hiki kamba kiunoni, wakawaswaga kwa miguu hadi Kisumu kwenda kuwabebea askari mizigo. Bunduki hawakupewa. Walipewa masanduku ya risasi wayabebe kichwani mpaka nchi ya Mjerumani. Vita ikaisha, wakarudi watatu. Serikali haikuleta hata kipande cha karatasi. Sanduku moja likipotea waliandika kitabu kizima, lakini mtoto wa mama yangu alipopotea hakuna aliyeshika kalamu. Mpaka leo nikiiona gari ya bwana shauri wa wilaya inapita na kile kibendera chake, naipa mgongo.

Lakini serikali nimeilaumu vya kutosha. Nimejificha nyuma ya lawama hiyo zaidi ya miaka thelathini, na leo natoka.

Mbebaji mwenzao mmoja wa mbali, Othieno, Mpadhola wa Nabuyoga, naye alirudi. Alinikuta sokoni hapa Busia akipita kurudi kwao. Alinivuta kando akaniambia kwamba kaka yangu alimwacha hospitali ya Voi, mguu umeoza, lakini anapumua na anamtukana kila mtu. Niliposikia anatukana nikajua hasa ni yeye, maana kaka yangu alikuwa akijikwaa analitukana jiwe, na ukoo wa jiwe. Othieno akashika njia yake. Kwetu hakufika. Habari ile ikabaki na mimi peke yangu.

Sikumwambia mtu. Sikumwambia mama yako. Utaniuliza kwa nini, na hapa ndipo nilipochana zile karatasi mbili. Nilikuwa nimeanza kumtazama mama yako. Basi, ni hivyo tu, sina maneno ya kulipamba.

Miaka ikapita. Wazee wakaketi wakasema mwanamke hawezi kukaa hivi, si mke si mjane, na kwamba aliyekufa ugenini bila kaburi huwarudia watoto wa nyumbani kwa maradhi. Mmoja akasema asiyekuwapo na lake halipo. Wakanigeukia mimi, ndugu yake wa damu, wakaniuliza kama nimewahi kusikia lolote juu yake. Nikajibu sijasikia lolote. Maneno mawili tu, Wandera, na niliyasema nikiwatazama machoni.

Tukakata gogo la mgomba lenye urefu wa mtu, tukalivisha shuka, tukalilaza shimoni, tukalia. Mimi nililia kuwashinda wote, mpaka wakanishika mabega. Mama yako hakulia. Alisimama tu akiangalia utomvu unavyoilowesha ile shuka. Ukanilowesha na mimi niliyelibeba upande wa kichwa, na utomvu wa mgomba unaujua, hautoki kwenye nguo. Shati lile nilifua mpaka likachanika. Mwaka ulipotimia nikamrithi, kama ilivyo desturi yetu ndugu kumrithi mke wa nduguye. Watu wakanisifu kwamba nimemtunza mjane wa kaka yangu. Nilizipokea zile sifa kwa mikono miwili, nikawa nazila kama ugali.

Kaka yangu akarudi mama yako akiwa na mimba yako ya miezi saba.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa napunguza minyaa ya ua kwa panga, ndiyo maana nina panga katika picha. Sikulishika kwa ajili yake, ingawa sikuliweka chini pia. Nikasikia mtu anakuja akiitukana njia. Nikajua kabla sijainua kichwa. Alikuwa akichechemea, nywele zimeanza mvi, begani ana masanduku mawili na miti mitatu mirefu iliyofungwa pamoja. Baadaye nilisikia kwamba alipotoka hospitali alikwenda Tanga akambebea mizigo Mgoa mmoja mpiga picha, akajifunza kazi, na Mgoa alipokufa alimwachia vyombo. Siku ile sikuyajua hayo. Nilimwona kaka yangu tu. Akasimama langoni, akaniita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki kuniita.

Ningeweza kumkumbatia. Nilikuwa na mikono miwili na miguu miwili kama mtu mzima. Badala yake nikamwambia, "Usiingie. Tulikuzika."

Akacheka. Alidhani ni ule utani wetu wa zamani. Nikamweleza mila, ile ambayo wewe unaisikia kwa mazishi ya watu wengine tu: aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwa lango, akiingia analeta kifo ndani ya mji. Ua hutobolewa tundu nyuma ya nyumba, apite akitambaa, achinjiwe kondoo, anyolewe, apewe jina jingine kama mtoto aliyezaliwa jana. Mila hiyo sikuitunga mimi. Lakini niliitamka haraka haraka, kama karani anayesoma tangazo, na nilikuwa nimeziba lango kwa mwili wangu.

Kaka yangu akaacha kucheka. Akasema, "Nimetembea na mguu huu toka Voi. Siingii kwangu kama mbwa."

Mama yako akasikia sauti, akatokea mlangoni mwa nyumba. Alimtazama muda mrefu. Kisha akarudi ndani haraka, akatoka na kigoda, kwa kuwa mgeni akifika hupewa kigoda, na nadhani mikono yake haikupata kitu kingine cha kufanya. Akasimama nacho pale mlangoni, amekikumbatia juu ya tumbo. Kaka yangu akaliona tumbo. Akanitazama mimi. Nilingoja anitukane, nakuapia nilitamani anitukane, mimi na wazee wote na mgomba wenyewe.

Badala yake aliweka masanduku chini, akaisimamisha ile miti mitatu, akafunga kamera juu yake, akajifunika kitambaa cheusi. Sikuwahi kuona kitu kile. Nilidhani ni silaha, na nikasema moyoni, hewaa, na aniue. Sauti yake ikatoka chini ya kitambaa: "Simama hivyo hivyo. Usitoke langoni."

Nikasimama. Sijui kama nimewahi kufanya kazi yoyote vizuri kama ile ya kusimama langoni. Alipomaliza alikunja vyombo vyake akaenda, akichechemea, wala njia hakuitukana.

Ile lenzi yako ya kukuzia, ichukue uangalie nyuma ya bega langu la kushoto. Kuna kidoa cheupe. Uliwahi kuniambia ni kasoro ya kioo. Si kasoro. Ni shuka ya mama yako, na kile cheusi kilicho mbele yake ni kigoda, na wewe umo humo nyuma ya kigoda. Hatukuwahi kupigwa picha nyingine sote wanne tukiwa mahali pamoja, ukimhesabu na aliyekuwa chini ya kitambaa.

Miezi miwili baadaye ulizaliwa. Wazee wakaja na swali la jina. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa, aliye hai haguswi. Nikasema aitwe Wandera. Mama yako aligeuza uso ukutani. Nilimzika ndugu yangu mara ya pili, na safari hiyo sikutumia mgomba. Nilikutumia wewe.

Basi picha zikaanza kuja, kwanza ile ya langoni. Moja mwaka huu, nyingine baada ya miaka miwili, mkononi mwa dereva wa lori la pamba au mtu wa reli. Unazijua kuliko mimi. Mlango wa hospitali ya Voi. Njia ya Taveta. Daraja la mbao ambalo hata hatujui liko wapi. Gati la Kisumu. Hamna mtu hata mmoja ndani yake, na nyuma mtu fulani amemwandikia jina la mahali kwa penseli, kwa sababu kaka yangu hakujua kuandika. Wewe ulizipanga mezani ukagundua kwamba zinafuata njia ya wale waliobeba mizigo ya vita. Ulijisifu kwa ugunduzi huo. Mama yako alilijua hilo tangu ile ya Voi. Kaka yangu alikuwa anatuonyesha alikokuwa siku ile tulipokuwa tunamlilia.

Hatukuzizungumza kamwe. Mama yako alikuwa akiitazama kila inayokuja, anaitia katika kopo, anasonga ugali, tunakula. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Ya mwisho ilikuja miaka minane iliyopita: stesheni ya Tororo, na jabali nyuma yake, kabla moshi wa kiwanda cha saruji haujaanza kuliziba. Tororo! Ukipanda lori hapa asubuhi, saa ya chai uko huko. Kwa mara ya kwanza mama yako hakuitia katika kopo. Aliiweka mbele ya sahani yangu akasema, "Yuko Tororo. Kamlete."

Nikasema pamba imejaa kiwandani, nitakwenda Jumamosi. Jumamosi nikasema mvua. Wiki iliyofuata nikajitia hamnazo. Hakuniambia tena. Miaka minane alinipakulia chakula bila kunitazama usoni, na siku ya kufa kwake alikuita wewe, mimi akaniomba nitoke nje.

Halafu kwenye matanga ukasimulia, kwa mbwembwe, jinsi ulivyosimama mahali pale pale alipoweka kamera, ukamhoji yule mama anayeuza chai stesheni. Ukamwigiza, watu wakacheka. "Ule mzee ya mguu mbaya? Alikaa hapa miezi mbili. Alingoja watu yake. Halafu alipanda treni, nakwenda Nakuru." Uliniona nikitoka mezani ukadhani nimechukia kelele. Wandera, alikuwa ananingoja mimi. Miezi miwili, mzee wa mguu mbovu, kwenye benchi ya stesheni, nami nilikuwa nyumbani hapa nikiangalia kama mvua imekatika.

Nimechoka kusikia watu wakisema mila ilitufanya hivi. Yule mzee aliyekuwa mkubwa wa mila hizo, kabla hajafa, nilimwungamia yote. Alinitemea mate miguuni. Akaniambia ningetoka nje ya lango nikamshika mkono, tukakaa naye hata chini ya ua siku tatu, wao wangetafuta njia. Mila ina milango mingi, ila mimi nilitaka ule mmoja uliofungwa. Nimekupa neno lake kwa sababu langu halina uzito. Ukiwa mbali utakutana na watu wanaosoma sheria haraka haraka. Waangalie wamesimama wapi wanapoisoma.

Huko uendako hutaona alichoona yeye. Tororo yenyewe umeona: jabali ni lile lile lakini huwezi kulipiga picha bila moshi. Palipokuwa na njia ya miguu pana lami, palipokuwa na hema za wagonjwa huenda leo pana duka la baiskeli. Wewe ukifika mahali pamebadilika hununa, nakujua, unaona umeibiwa. Usimalize filamu kwa majengo. Waulize wauza chai, waulize watu wa reli, uliza mzee anayechechemea na anayeitukana njia. Sura yake huna, maana mpiga picha hajipigi. Ana masikio yangu. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Nilikikata mimi tukicheza na jembe, naye akamwambia mama amejikata mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa, na ndiye niliyemfungia lango.

Niliacha kuandika kwa muda, sasa nimerudi. Usishangae karatasi ina udongo.

Nimelifukua kaburi. Nimechimba mpaka kifuani. Hamna kitu. Udongo mweusi, na nyuzi mbili tatu za shuka. Nimelifukia nikalisawazisha, na msimu ujao nitapanda mihogo hapo. Majirani wamenichungulia juu ya ua, nikawaambia watazame vizuri.

Kisha nikachukua lile panga, ndilo lile lile, mpini tu umebadilishwa, nikatoboa ua nyuma ya nyumba. Tundu la kupita mtu akitambaa. Usidhani nimemtobolea yeye.

Ukimkuta amekufa kweli, niletee udongo wa kaburi lake, uupitishe langoni mchana, watu wakiona. Ukimkuta hai, atakataa. Atakutukana. Vumilia, ni haki yake, na mwambie kwamba jina lake unalo wewe na umekuja kumrudishia. Akikuachia ni hisani yake, akilitaka tutakutafutia jingine. Usimwambie nimebadilika, hataamini, na mimi mwenyewe sina hakika. Mwambie tu kwamba ndani ya mji huu aliyekufa ni mimi. Mwambie langoni hamna mtu. Kuna kigoda cha mama yako, nimekitoa leo, na sitakirudisha ndani hata kikilowa mvua.

Naye aingie kwa lango, mguu wake ule ule mbaya, polepole, kama mwenye mji. Umpige picha anapovuka. Mimi usinitafute ndani yake. Saa hiyo nitakuwa nyuma ya nyumba, natambaa.

Baba yako,
Ouma